Asiyeamini, mkana Mungu, mpagani: tunamwita nani hasa?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, neno "mpagani" linatupwa ovyo. Kijana akikosa misa Jumapili tatu mfululizo, mpagani. Msichana akiacha chumba cha maombi kwa kuchoshwa na michango isiyoisha, mpagani. Mwalimu akieleza kwamba tetemeko lililotutikisa Februari 2008 lilitokana na ardhi ya Bonde la Ufa inayopanuka, atakuwepo wa kunong'ona kwamba mwalimu huyo hana Mungu. Siku hizi, kwa kuwa vijana wanasoma na kubishana kwenye simu mpaka usiku wa manane, limeongezeka neno la Kifaransa athée, ambalo mtaani tunalitamka "ate". Nalo limechanganywa na mkana Mungu, fremasoni na mtu wa shetani, kana kwamba yote ni majina ya mtu mmoja.

Mimi ni Mkatoliki, nasali, na siandiki ili kumtoa mtu katika imani yake. Naandika kwa sababu nimeona watu wa nyumba moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya neno ambalo kila mmoja alilisikia kivyake. Mama mmoja wa Kadutu, muuza sambaza, alimsomesha mwanawe kwa beseni lile la samaki mpaka akafika chuo kikuu. Likizo moja kijana alirudi nyumbani, wakaitwa kwenye sala ya jioni, akabaki ameketi. Mama akamuuliza kuna nini. "Mama, siko napigana na Mungu," akasema. "Siko tu naamini." Mama alichosikia ni hiki: mwanangu amemkana Mungu. Kesho yake wazee wa kanisa walikuwa mlangoni, wamekuja kumtoa pepo. Ukiyarudia maneno ya kijana polepole utaona kwamba alilolisema na alilosikiwa akilisema ni mambo mawili.

Tuanze na lililo jepesi. Ate ni mtu asiyeamini kwamba kuna Mungu au miungu. Maana inaishia hapo. Neno halisemi kama ana hasira au ametulia, kama ni mwema au mwovu, kama anaiheshimu dini ya mama yake au anaidharau. Halisemi hata anaamini nini badala yake. Wapenzi wa mpira watanielewa haraka. Asiyeshangilia Muungano si lazima awe wa Bukavu Dawa. Kuna watu katika mji huu ambao hawana timu kabisa: siku ya dabi wanafua nguo. Ukimkuta mmoja wao ukamwambia "kama wewe si wetu, basi ni wa wale", umemsingizia. Kukosa timu hakumfanyi kuwa na timu nyingine, na kukosa imani katika Mungu hakumfanyi mtu kuwa na mungu wa pili aliyefichwa chumbani.

Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki: theos ni mungu, na ile "a" ya mwanzo ni "bila". Mtu bila mungu. Lakini historia yake inashangaza, maana kwa karne nyingi lilikuwa tusi la kumtupia mtu mwenye mungu tofauti na wako. Wakristo wa kwanza ndio walioitwa hivyo. Warumi waliwaona watu wasiotoa sadaka kwa miungu ya dola, wasio na sanamu wala hekalu, wakasema hawa hawana mungu. Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, aliuawa karibu na mwaka 155 akiwa mzee sana. Liwali alimtaka aokoe maisha yake kwa kusema, "Waondolewe wasio na mungu!", akimaanisha Wakristo wenzake. Mzee aliutazama umati wa watu uliojaa uwanjani, akaunyooshea mkono, akatazama juu, akayasema maneno hayo hayo juu yao. Mtakatifu Yustino, aliyeishi karne hiyo hiyo, alikubali wazi kwamba kwa hiyo miungu ya Warumi, ndiyo, Wakristo hawaamini. Ila kwa Mungu wa kweli, hapana.

Na sisi Wakristo tulilitumia vilevile. Katika Waraka kwa Waefeso sura ya 2, Mtume anawaambia waumini kwamba zamani walikuwa duniani bila Mungu. Neno alilotumia ni hilo hilo la Kigiriki. Lakini Efeso ulikuwa mji wa mungu mke Artemi, wenye hekalu lililojulikana dunia nzima ya wakati ule. Watu wale hawakukosa ibada hata siku moja. Katika midomo ya zamani, basi, "asiye na Mungu" mara nyingi alikuwa mtu anayeabudu katika nyumba ya jirani.

Ndipo tunapofika kwa mpagani wetu. Kwa Kilatini neno hilo lilihusu mtu wa shamba, mtu wa kijijini, na Wakristo wa mijini wakalifanya jina la wale waliobaki na ibada za zamani. Lilipofika Kivu pamoja na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, liliwekwa juu ya babu zetu. Sasa jiulize babu hao waliamini nini. Katika Bushi, nchi ya Washi, waliita jina la Nyamuzinda, jina ambalo Wakristo mpaka leo wanalitamka wanaposali kwa Mashi. Walimtolea sadaka Lyangombe, pepo mkuu wa ibada zao, waliikumbuka mizimu ya ukoo, walikuwa na mambo ya kufanya na mambo ya kutofanya kuanzia kupanda mpaka kuvuna. Unaweza kusema kwamba walikosea. Huwezi kusema kwamba hawakuamini. Mpagani na ate, ukiwaweka pamoja, wako mbali zaidi kuliko mpagani na Mkristo: mmoja ana imani nyingi, mwingine amekosa hiyo moja. Mtu anayemwita kijana wa chuo "mpagani" anamhesabu pamoja na bibi yake mkubwa aliyekuwa akimwaga pombe ya ndizi chini kwa ajili ya wafu, na hao wawili wangeshangaana sana.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko katika neno letu zuri la Kiswahili sanifu: mkana Mungu. Kamusi zinalitumia, magazeti yanalitumia, wahubiri wanalipenda. Lakini sikiliza kitenzi. Kukana ni kukataa jambo linalokuhusu au unalolijua. Mshtakiwa anakana mashtaka. Baba anakana mtoto. Petro alimkana Yesu mara tatu kabla ya jogoo kuwika, na Petro alimjua Yesu, alikula naye, alimpenda. Alimkana kwa woga. Kwa hiyo unapomwita mtu mkana Mungu, umeshaamua kimoyomoyo kwamba anajua Mungu yupo, ila anakataa kwa kiburi. Umemfungulia kesi kabla hajafungua kinywa. Wapo watu wa namna hiyo, wenye ugomvi na Mungu wanayemwamini. Lakini kijana anayesema "siko naamini" hadai kwamba kuna mtu mlangoni na yeye anakataa kumfungulia. Anasema hajasikia mtu akibisha. Unaweza kumwambia asikilize vizuri zaidi. Hilo ni shauri. Kumwambia kwamba amesikia na anadanganya ni shutuma.

Na kitenzi kuamini nacho kina pande mbili, jambo linaloleta mkanganyiko mkubwa kuliko wote katika mji kama huu. Kuamini kwamba kitu kipo, na kumwamini mtu, yaani kumtegemea, si mamoja. Naweza kuamini kwamba jirani yangu yupo, namuona kila asubuhi, na bado nisimwamini hata kwa jembe langu. Sasa msikilize mtu aliyekimbia kijiji chake mara ya tatu, aliyezika watoto njiani. Anasema, "Mimi sina tena imani na Mungu. Ametusahau." Watu wanashtuka: huyu amekuwa ate! Hapana. Huyu anazungumza na Mungu kwa uchungu mkali kuliko wengi wanaoimba kwaya. Huwezi kumlaumu asiyekuwepo kwa kukusahau. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu majibu, na kitabu chake kimo katika Biblia. Yesu msalabani aliuliza mbona umeniacha. Katika Kivu, baada ya miaka hii ya vita, maneno kama hayo ni mengi, na anayeyachukua kama kukosa imani hajamsikia msemaji. Asiyeamini kweli, mara nyingi, hana hata hasira hiyo. Hamlaumu Mungu kwa vita; anawalaumu watu.

Imani yenyewe ina maana nyingine tena. Katika Kiswahili cha pwani, na katika vitabu tulivyosoma shuleni, mtu wa imani ni mwenye huruma, na "hana imani" husemwa juu ya anayempiga mtoto bila kuhurumia. Basi ukisema "fulani hana imani", sikio la Mswahili linaweza kusikia ukatili mahali ambapo wewe ulitaka kusema tu kwamba hasali. Nadhani hapo ndipo panapoanzia nusu ya hofu yetu juu ya watu hawa.

Kuna neno la tatu linalopotea katikati. Mwaka 1869 Mwingereza Thomas Huxley, mtaalamu wa viumbe na mtetezi mkubwa wa Darwin, alichoka kuulizwa yuko upande gani, akajitungia jina: agnosti, mtu asiyejua. Kwa Kigiriki gnosis ni ujuzi. Alitaka kusema kwamba katika swali hili hana ujuzi na hataki kujifanya anao. Wengi wanamweka agnosti katikati ya barabara, muumini upande huu na ate upande ule. Lakini kujua na kuamini ni maswali mawili, na mtu mmoja anaweza kuyajibu yote. Yupo anayesema: sijui kwa hakika, lakini naamini. Wakristo wengi waaminifu wako hapo, nami mwenyewe siku nyingine. Yupo anayesema: sijui kwa hakika, na siamini. Kijana wa Kadutu yuko hapo. Na yupo, wachache zaidi, anayesema: najua kabisa kwamba hakuna Mungu. Huyo wa mwisho ndiye mtaa unayemfikiria kila unaposikia neno ate.

Wataalamu wa falsafa nao hawajakubaliana kama neno ate limhusu huyo wa mwisho peke yake au wote wasio na imani. Mwaka 1972 mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew alipendekeza maana pana: ate awe mtu asiyeamini tu, bila kulazimishwa kuthibitisha kwamba Mungu hayupo. Mwenye dai ndiye alete ushahidi, alisema. Maana hiyo ndiyo inayotumiwa zaidi leo na watu wanaojiita hivyo. Flew huyo huyo, mwaka 2004, akiwa mzee, alitangaza kwamba sasa anaamini kuna Mungu aliyeuanzisha ulimwengu, ingawa si Mungu wa dini yoyote. Wengine waliipanua maana mpaka ikapasuka: Baron d'Holbach, katika Ufaransa ya karne ya 18, aliandika kwamba watoto wote ni ate kwa sababu hawana wazo la Mungu. Hapo mimi nakataa. Mtoto mchanga hana wazo la kodi wala la mipaka ya nchi. Jina la msimamo tulibakize kwa mtu aliyefikiri.

Tukiwa bado Ufaransa, wanafunzi wetu wa sekondari wanaomsoma mwandishi Voltaire mara nyingi huniambia kwamba alikuwa ate kwa sababu aliwashambulia mapadri. Aliwashambulia kweli, bila huruma, lakini Mungu alimwamini: alisema ulimwengu uliopangwa namna hii hauwezi kukosa mpangaji. Kulikasirikia Kanisa ni jambo moja. Hata hapa, wengi walioacha chumba cha maombi kwa sababu ya pesa wanasali nyumbani kila usiku.

Sasa yale ya loji, yaani vikundi vya fremasoni, chama cha udugu kinachokutana faraghani. Mtu akijenga nyumba haraka huko Muhumba na hasali, watasema ni fremasoni, na fremasoni ni ate, na ate ana mkataba na shetani. Mnyororo huu unakatika katika kila pete. Loji zinazofuata desturi ya Waingereza humtaka anayeingia aamini kwamba kuna Mungu, ambaye wao humwita Mjenzi Mkuu wa Ulimwengu, ate hapokelewi. Ni Grand Orient ya Ufaransa iliyoondoa sharti hilo, mwaka 1877, na tangu hapo loji za Kiingereza zilikata uhusiano nayo. Kuhusu shetani, anayemwamini shetani amemchukua katika kitabu kile kile anamotoka Mungu. Asiyeamini mmoja kwa kawaida haamini na mwingine, na mkataba unahitaji pande mbili. Nasema kwa kawaida, maana neno linahusu Mungu na miungu tu. Nimekutana na mtu anayesema haamini Mungu na bado hawezi kupita usiku karibu na nyumba ya anayedhaniwa kuwa mulozi, yaani mchawi. Hakuna sheria ya mantiki inayomzuia.

Kwamba asiyeamini hana kinachomzuia kuua au kuiba, ni dai zito, na linastahili jibu zito. Mwaka 1994, katika nchi jirani ya Rwanda, watu waliuawa ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama walikokimbilia, na nchi ile ilikuwa ya Wakristo waliobatizwa kwa wingi mkubwa. Ubatizo haukuizuia mikono ile. Silisemi hili kuishutumu imani yangu. Nalisema kwa sababu hatuwezi kuendelea kumpima jirani kwa kuuliza anasali wapi. Kwa upande mwingine, mpaka MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilipoondoka Kivu Kusini mwaka 2024, wahandisi wa jeshi la China walikuwa na kambi hapa Bukavu kwa miaka mingi, na chama kinachotawala kwao hakiruhusu mwanachama wake kuwa na dini. Tuliwapima kwa barabara walizozitengeneza.

Wengine husema kutoamini ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika hawezi. India ya kale ilikuwa na wafuasi wa Charvaka waliokataa miungu na maisha baada ya kifo, karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kujiita ate, na Wabudha wengi hawana mungu muumba ingawa wana dini. Afrika je? Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba dini imejaa katika maisha yote ya Mwafrika. Mganda Okot p'Bitek alimpinga, akisema wasomi wanaivika miungu yetu nguo za Kigiriki. Alisimulia kwamba mwaka 1911 mapadri Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakajibu kwamba hawajui. Mapadri wakashikilia lazima wajue, mpaka mzee mmoja akakumbuka pepo anayewapinda watu mgongo, Lubanga, na jina hilo likawa la Muumba. Jibu la kwanza la wazee wale, "hatujui", lilikuwa jibu la Kiafrika pia.

Limebaki neno moja linalochanganya hata wasomi: laiki. Ibara ya 1 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema Kongo ni dola ya kidemokrasia na laiki. Kanisani neno hilo hilo la Kifaransa, laïc, ni mlei, yaani Mkristo asiye padri, kwa hiyo wengine wanafikiri dola imeitwa muumini wa kawaida. Wengine wanafikiri imeitwa ate. Maana yake ni kwamba dola haina dini yake. Utangulizi wa Katiba hiyo hiyo unataja wajibu wetu mbele ya Mungu, na Rais anaapa mbele ya Mungu na taifa. Ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, na wa kudhihirisha dini yake au msimamo wake. Msimamo umetajwa kando ya dini, na kijana asiyeamini anaingia hapo. Wazee wanaokumbuka mwisho wa 1974, Mobutu alipoifuta Krismasi katika sikukuu za serikali na kuzichukua shule za makanisa, huogopa neno laiki kwa sababu hiyo. Lakini ule ulikuwa utawala uliotaka kujiweka mahali pa Kanisa, na mwaka 1977 shule zilirudishwa kwa makanisa kuziendesha.

Yule mama wa Kadutu, baada ya wazee kuondoka, aliniuliza swali ambalo naona ndilo lililomnyima usingizi kuliko mengine: je, mwanawe ataweza kuoa kanisani? Kwa Wakatoliki jibu lipo. Ubatizo haufutiki, aliyebatizwa akaacha kuamini jina lake linabaki katika daftari la parokia alikobatizwa. Kanuni ya 1071 ya sheria za Kanisa inasema padri asifungishe ndoa ya mtu aliyeiacha imani hadharani bila ruhusa ya askofu, na mchumba anayeamini anaahidi kuilinda imani yake na kujitahidi watoto wabatizwe. Maana yake ni kwamba kuna barua ya kuandikwa na mazungumzo ya kufanywa na padri. Mama aliuliza kama barua hiyo wanaiandika Ibanda, kwenye jimbo. Nilimwambia aanzie kwa paroko wake.